Muulize Ami: Nauziwa R6, na mke wangu hajui

Shikamoo Ami,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndiyo mara ya kwanza nakuandikia. Nina miaka 29, nimeoa, tuna mtoto mmoja, tunakaa Fuoni. Kazi yangu ni ya hoteli kule Paje, kwa hiyo kila siku ya zamu naikata ile njia ya Tunguu na Jozani kwenda na kurudi, na zamu ya jioni narudi usiku mkubwa. Chombo changu ni Vespa aliyoniachia marehemu baba. Kabla ya hapo nilikuwa na Boxer la jamaa yangu, kwa hiyo si kwamba pikipiki siijui.

Sasa kuna mtu hapa Unguja anauza Yamaha R6 ya mwaka 2008. Ami, ni nyekundu na nyeupe, haina hata mkwaruzo, ukiitia moto mtaa mzima unageuka. Tokea niko skuli naitamani pikipiki hiyo. Anataka milioni 9. Anasema imetoka Japani, imetembea kilomita 21,000 tu, na kadi ipo ila kwa sasa iko kwa kaka yake Dar es Salaam. Nilipomwambia nataka kuijaribu kwanza, akasema sawa, lakini nitangulize laki tano ambayo hairudi, maana watu wengi wanakwenda kwake kupiga picha tu. Na kuijaribu kwenyewe ni kutoka kwake mpaka mzunguko wa barabara na kurudi, asubuhi mapema, na ataipasha moto mwenyewe ili nisihangaike kuiwasha.

Pesa zipo, lakini si zote zangu. Milioni 4 ni zangu. Zilizobaki ni za mchezo, anacheza mke wangu, na zamu yake ya kupokea ni mwezi ujao. Tulikubaliana kwamba zile ni za kumalizia banda la uani tupangishe. Nimepanga nimwambie pikipiki nimeazimwa na rafiki yangu, halafu nizirudishe kidogo kidogo kabla hajashtuka. Mama yangu, ambaye ni muuguzi, aliposikia tu habari hii alisema "mbio za sakafuni huishia ukingoni" akaondoka. Nachelea atamwambia mkwewe.

Naomba uniambie: nikiijaribu niangalie nini? Pikipiki kama hii inafaa kukaa nayo hapa Unguja, au ni ya kwendea Forodhani jioni tu? Na hili la mke wangu nilifanyeje? Halafu kuna jambo dogo: rafiki yangu ananiuzia helmeti yake kwa bei nzuri. Nichukue?

Mwanao,
Kijana wa Fuoni

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa zamu za usiku.

La laki tano kwanza, maana hilo halingoji: usiitoe. Mwenye pikipiki ana haki ya kuogopa kumkabidhi chombo cha milioni 9 mtu asiyemjua. Lakini hofu hiyo ina dawa yake. Muachie Vespa yako na ufunguo wake, muachie kitambulisho, muandikishane mbele ya shahidi kwamba ukiiangusha utalipa kilichovunjika. Muulize pia kama bima yake iko hai na ni ya aina gani, kwa sababu bima ndogo inamlipa utakayemgonga, haikulipi wewe wala haitengenezi pikipiki. Hapo mmepatana kama watu wazima. Lakini kutoa pesa isiyorudi ili uruhusiwe kufika mzunguko wa barabara na kugeuza, hiyo ni biashara ya kuuza matembezi, na kwa laki tano matembezi hayo ni ghali.

Kadi je? Kadi iliyoko kwa kaka ng'ambo ya bahari, wewe ihesabu haipo mpaka uishike. Nambari ya chesisi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia, upande wa kulia. Geuza usukani, futa vumbi, washa tochi ya simu, isome herufi kwa herufi ukilinganisha na kadi. Fanya hivyo hivyo kwa nambari ya injini. Ukiona imesuguliwa au imepakwa rangi juu, panda Vespa yako urudi nyumbani, wala usipoteze muda kuuliza kwa nini. Zikilingana, basi pesa zitoke siku ileile mnayokwenda pamoja kwenye ofisi ya usajili kubadilisha jina, si siku moja kabla. Na kama ilisajiliwa Bara, uliza huku iliingia kwa karatasi gani, usije ukadaiwa wewe ushuru ambao mwenzio hakuulipa. Watu wazima na akili zao wameuziwa mbuzi kwenye gunia kwa sababu tu rangi iling'aa.

Na rangi ndiyo iliyonitia wasiwasi katika barua yako. Pikipiki ya mwaka 2008 isiyo na hata mkwaruzo mmoja? Inawezekana, kama ililala ndani. Lakini makava ya plastiki ya pikipiki hizi huuzwa seti nzima ya nakala, yakiwa yamekwishapakwa rangi na kubandikwa stika, na mtu akianguka vibaya akabadilisha seti, wewe unaona bibi harusi. Kwa hiyo achana na makava. Tazama vitu ambavyo watu husahau kubadilisha: ncha za usukani, vidundu vya mwisho wa mikono ya breki na klachi, ncha za vikanyagio, kifuniko cha pembeni cha injini. Kisha geuza usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, uangalie pale chini unapogonga fremu. Hapo pana kijino cha chuma. Kikiwa kimepinda au kimekatika, ujue hiyo ilipiga mweleka mkubwa, na fremu yenyewe imepata habari.

Sasa nikwambie mashine hii ni ya namna gani, maana nadhani umeipenda kwa picha. Yamaha walianza kuiuza R6 mwaka 1999, na nia yao haikuwa siri: ni pikipiki ya uwanja wa mashindano iliyotiwa taa na namba ili iruhusiwe barabarani. Injini ni cc 599, silinda nne, nguvu zake zinapita farasi 120. Boxer uliloliendesha lina farasi 12 hivi. Lakini wingi wa nguvu sio unaonisumbua, kinachonisumbua ni mahali zilipokaa. Injini hii haijaamka mpaka ipite mizunguko 8,000 au 9,000 kwa dakika, na kilele chake kiko kwenye 14,500. Chini ya hapo unaendesha pikipiki nzito, yenye joto, isiyo na haraka. Ukiikamua mpaka iamke, gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Zimebaki tano. Utazimalizia wapi baina ya Fuoni na Paje? Jozani yamewekwa matuta kwa ajili ya kima punju wanaovuka. Mbele ya Kitogani ng'ombe wanavuka kwa saa zao wenyewe. Na usiku, unajua wewe kuliko mimi, kuna gari za ng'ombe zisizo na taa hata ya kibatari.

Halafu breki. Mbele ina diski mbili, na vidole viwili vinatosha kuisimamisha. Wewe umezoea Vespa, ambayo breki ya mbele unaiminya kwa mkono mzima ndipo ijibu, na kazi kubwa inafanywa na mguu wa kulia. Mkono ule ule ukiuhamishia kwenye R6 siku umeshtushwa na mbuzi, pale Paje ambapo upepo umemwaga mchanga juu ya lami, gurudumu la mbele litafunga na utakuwa chini kabla hujapata kusema lolote. ABS, yaani mfumo wa kuzuia magurudumu yasifunge ukishika breki, haina; R6 haikuupata mpaka toleo la 2017, na kifaa cha kuzuia tairi la nyuma lisiteleze kilikuja pamoja nayo. Ya 2008 inategemea akili na mkono wa aliyeipanda, basi.

Kwa hiyo siku ya kuijaribu usiende kupima mbio. Mbio inazo, hazihitaji shahidi. Nenda ukapime kama mtaweza kuishi pamoja.

Ile habari ya kuipasha moto ikatae kabisa. Mwambie "nataka niikute baridi", na ukifika, kabla salamu hazijaisha, sogeza kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu anakificha: ama haiwaki vizuri, ama inapiga kelele ikiwa baridi, ama inatoa moshi. Iwashe wewe. Moshi wa buluu usioisha ni oili inayoungua. Mlio wa mchakacho upande wa kulia ukizidi kuendelea hata injini ikishapata moto, huo mara nyingi ni wa kibana cheni ya taimingi, ile cheni ya ndani ya injini. Nenda na mita ya umeme, fundi yeyote wa mtaani atakuazima. Pima betri kabla ya kuwasha, iwe 12.5 au zaidi. Kisha ikiwa inaunguruma kwa resi kidogo, ipande mpaka 14 na ushei. Isipopanda, umeme hautengenezwi, na utakuja kukwama Jozani saa sita usiku ukiwasikiliza komba. Pitisha kidole kwenye nguzo za mbele, zile zinazoshika gurudumu, uone kama kuna oili. Kwenye ubavu wa tairi tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo, hata ukiwa na kashata (meno) zote, ni mgumu na utateleza mvua ikinyesha.

Halafu njia. Asubuhi mapema barabara ni tupu na hewa ni baridi, ndiyo maana akakuchagulia asubuhi mapema. Wewe omba adhuhuri. Pitia Mwanakwerekwe watu wakiwa wamejaa, kaa kwenye foleni, macho kwenye kipimo cha joto. Kikipita 100 hivi feni inatakiwa iingie na kukishusha. Feni ikikaa kimya na namba inapanda, zima, sukuma pembeni. Ikiwa inafanya kazi, sikiliza sasa mapaja yako: ule upepo wa moto wote unakujia wewe. Ingia uchochoro mmoja wa Fuoni ujaribu kugeuza. Usukani wa pikipiki hizi haukati kona, utaisogeza mbele na nyuma kwa miguu, nayo ina uzito wa karibu kilo 190 na kiti kirefu cha sentimita 85. Kisha nenda Tunguu, panda gia zote, shuka zote, pole pole. Gia ya pili ikikuruka ukivuta mafuta, rudisha pikipiki. Shika breki mara kadhaa ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Usukani ukitetemeka, diski zimepinda. Ukirudi, izime, ngoja kidogo, iwashe tena ikiwa moto. Na kabla hujamrudishia ufunguo, jiulize viganja na kiuno vinasemaje, maana umeinamia tangi muda wote, na kazini kwako ni kilomita 40 na kitu kwenda, na hujaanza kubeba sinia.

Kuna jambo jingine ambalo watu wanaouza pikipiki hizi hawalisemi. Vespa yako haina cheni. Gurudumu limefunikwa, mkeo anakaa na buibui lake na mtoto mkononi, mnafika. R6 ina cheni iliyo wazi na tairi pana la nyuma lisilo na kifuniko, na kiti cha abiria ni kipande kidogo kilichoinuliwa juu, hakina pa kushika pa maana. Ncha ya buibui au kanga ikiingia kwenye cheni, inamvuta aliyeivaa. Siandiki zaidi ya hapo. Muulize mama yako, yeye huenda amewapokea. Kwa hiyo ukiinunua, ujue umenunua chombo cha mtu mmoja, na Vespa itabaki kuwa chombo cha nyumba. Gharama za vyombo viwili zitatoka mfukoni kwa nani?

Tukija kwenye kukaa nayo kisiwani: inawezekana, kwa mtu mwenye subira na ndoo ya maji baridi. Chumvi ya bahari haimsamehi mtu. Ukifanya kazi Paje, pikipiki inashinda upande wa upepo, na ikifika jioni bolti zina unga. Ioshe kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi. Cheni isafishe kwa mafuta ya taa na uipake oili nzito ya namba 90 kila kilomita 500 hivi, na masika usisubiri hata zifike. Petroli tia ya sheli, tena inayouza sana; ile ya chupa za njiani muachie Boxer, injini hii ina mgandamizo mkubwa na inataka mafuta safi yenye okteni ya juu. Na kabla hujalipa hata senti, zunguka Darajani na Mwanakwerekwe uulize mpira wa nyuma wa 180/55-17 na pedi za breki za R6. Jibu likiwa "tutakuagizia", andika bei na muda waliokutajia, mara mbili, kwa sababu tairi laini la michezo haliishi kama la Boxer. Kumbuka pia kwamba Ulaya, tangu baada ya 2020, R6 haiuzwi tena kwa matumizi ya barabarani kwa sababu ya kanuni za moshi. Spea hazijaisha, lakini hazitakuwa rahisi kadiri miaka inavyokwenda.

Nani basi namwambia anunue pikipiki ya daraja la kati? Mtu kama wewe kabisa, lakini si hii. Tafuta yenye silinda mbili. Kawasaki Ninja 650, au ile waliyoiita ER-6f zamani, ina cc 649 na farasi zisizozidi 75. Suzuki SV650 ina cc 645 na nguvu zinazokaribiana na hizo. Ukizitazama kwenye karatasi utasema ni nusu ya R6. Lakini nguvu za silinda mbili ziko chini, pale unapoendesha kila siku: ukitoka tuta la Jozani unavuta kidogo inakwenda, huhitaji kuipigisha kelele. Unakaa wima zaidi, na Ninja kiti chake kiko chini kwa sentimita 6 hivi kuliko cha R6. Zipo zenye ABS, tafuta hizo. Vijana watakucheka Forodhani kwa sababu haipigi yowe. Mimi kwa upande wangu, yowe la ekzosi zilizotobolewa wakati wa Isha nimechoka nalo, na sidhani niko peke yangu.

Mkeo. Nimeliweka nyuma kwa sababu jibu ni fupi, na umelijua tangu ulipokaa kuandika. Zile si pesa zenu ambazo utazitumia kwa siri. Ni za mchezo aliojibana yeye kuucheza, na nyinyi wawili mmekwishazipa kazi. Ukizigusa bila yeye kujua utakuwa umezichukua, na jina la kitendo hicho unalijua. Na uongo wa "nimeazimwa" hautamaliza wiki. Fuoni kila mtu ataijua R6 nyekundu ni ya nani kabla hujaiegesha, na mama yako yuko hatua chache tu kutoka kwa mkwewe. Kaa naye usiku mtoto akilala, mwambie unaitamani pikipiki tokea uko skuli, mwambie una milioni 4 zako, umuulize anaonaje. Anaweza kukataa. Anaweza pia kukwambia banda limalizwe, lipangishwe, na kodi yake ndiyo iongeze zile 4 mpaka zifike za kununua 650 nzuri. Hiyo ni hesabu ninayoiunga mkono mimi, na kwa kuwa mchezo ni wake, nadhani anaijua hesabu kukushinda.

Akikubali muende kuiona pikipiki, iwe hii au nyingine, nenda naye. Akikalie hicho kiti cha nyuma ikiwa imesimama, akiwa amevaa anavyovaa siku zote, na usimwambie chochote. Uso wake utakujibu swali lako la pili vizuri kuliko mimi. Fundi naye awe wako, si wa muuzaji, na siku yake umlipe hata msiponunua.

Helmeti ya rafiki yako usichukue. Povu la ndani linafanya kazi mara moja tu: likishabonyea kwa kishindo halirudi, na kwa nje huoni kitu. Yeye mwenyewe huenda hakumbuki ilianguka lini. Nunua mpya, ya kufunika uso mzima, ikubane mashavu bila kukuuma paji, na kioo chake kiwe cheupe kwa sababu wewe ni mtu wa kurudi usiku. Hiyo nunua hata kama utabaki na Vespa.

Ami